NIMEFIKA JANA

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Kibaha



Wenzangu wengi walitegemea kwamba nitazungumza juu ya utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, au juu ya namna ya kutafuta ajira. Lakini asubuhi hii vijana wa kidato cha tatu walinizunguka pale nje wakaniuliza swali moja: katika Kiingereza, ni lini mtu aseme "I wrote" na ni lini aseme "I have written"? Walisema wamefundishwa, wamefanya mazoezi, na bado wanakosea. Nimeamua kuliacha lile nililoliandaa nyumbani na kulijibu swali hili.

Huenda baadhi ya wazee wenzangu wakaona kuwa hili ni jambo dogo la darasani. Nawaomba wanivumilie. Jambo hili dogo liliwahi kumgharimu kijana mmoja mwaka mzima wa maisha yake, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Nitafika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Kisarawe. Ukitazama ramani, Kisarawe na Kibaha ni majirani, na wilaya zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani. Walakini enzi zetu mtu wa Kisarawe aliyetaka kuja Kibaha aghalabu alishuka kwanza kwa basi mpaka Dar es Salaam kupitia Pugu, kisha akapanda basi jingine la Barabara ya Morogoro hadi Maili Moja. Nilifika hapa jioni, nina sanduku la bati na vumbi la njia nzima. Kesho yake mwalimu wa Kiingereza akawa anatuuliza wageni mmoja mmoja: "When did you arrive?" Zamu yangu ilipofika nilisimama kwa adabu nikajibu: "I have arrived yesterday, sir."

Darasa halikucheka, kwa maana hakuna aliyeona kosa. Mwalimu alitabasamu tu, akasema taratibu, "You arrived yesterday," akaenda kwa mwingine. Nikakaa chini nikijiuliza kosa langu li wapi. Nimefika jana, ndivyo nilivyosema. Mama yangu mwenyewe angesema hivyo hivyo.

Na hapo ndipo penye chanzo cha tatizo letu. Kaeni kituoni au sokoni mkasikilize watu: "Amekuja juzi." "Wameoana mwaka jana." "Umefika lini?" Hicho ni Kiswahili cha watu, wala hakuna anayegutuka. Kwetu sisi ile -me- inasema kwamba jambo limekwisha tendeka na matokeo yake yapo: nimefika, na ndiyo mimi huyu hapa mbele yako. Neno "jana" linaongeza habari tu, haligombani na lolote.

Mwingereza hafikiri hivyo. Kwake yeye "have" ni neno la leo. Anaposema "I have arrived" anazungumza juu ya sasa hivi, ingawa kitendo chenyewe kimepita. Kwa hiyo hakubali kuweka katika sentensi hiyo hiyo neno linalotaja wakati uliokwisha fungwa, kama "yesterday", "last week", "in 1970" au "two days ago". Lakini hupokea kwa furaha maneno yasiyofunga wakati, kama "already", "yet", "since", "so far", "ever" na "never". Hata asubuhi anaipima. Saa tatu asubuhi atasema "I have seen him this morning", maana asubuhi bado ipo. Saa tisa alasiri atasema "I saw him this morning", maana asubuhi imekwenda zake.

Wala msidhani kwamba kosa hili ni la Mwafrika peke yake. Mfaransa na Mjerumani katika mazungumzo yao ya kila siku husema bila wasiwasi sentensi za namna ile niliyosema mimi darasani, yaani aghalabu huchukua neno lao lenye maana ya "have" wakaliweka pamoja na neno lao la "jana". Wanapokuja kujifunza Kiingereza hutumbukia katika shimo lile lile. Na Waingereza wenyewe na Wamarekani hawafanani katika kila jambo: Mmarekani husema "Did you eat yet?" mahali ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" Ninyi andikeni kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza, maana ndiyo inayofuatwa katika vitabu na mitihani yetu.

Sasa, ndugu zangu, dawa ya tatizo hili sikuipata hapa shuleni. Niliipata Kisarawe wakati wa likizo, kwa mjomba wangu. Yeye alisoma Minaki katika miaka ya 1950, wakati shule ile ilipokuwa bado ikiitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, chini ya misheni ya UMCA. Misheni hiyo ndiyo ya yule Edward Steere aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, kwa hiyo shughuli ya kulinganisha lugha hizi mbili ilikuwa ya siku nyingi kwao. Nilimkuta mjomba amekaa chini ya mkorosho anamenya mihogo. Nikamsimulia aibu yangu.

Akaniuliza: "Kwa Kiswahili ulitaka kusema nini?"

"Nimefika jana, mjomba."

"Haya, likanushe."

Nikafikiri kidogo. "Sikufika jana."

"Kwa nini hukusema 'sijafika jana'?"

Nikacheka. "Hiyo haisemwi, mjomba."

"Basi umekwisha jijibu," akasema, akaendelea na mihogo yake.

Ilinichukua siku mbili kumwelewa, nanyi nitawapunguzia siku hizo. Katika kukubali, Kiswahili kinatuachia tuchanganye: nilifika jana, nimefika jana, yote yanapita. Lakini katika kukanusha hakituachii hata kidogo. Tunayo -ja- na tunayo -ku-, na kila mtoto wa Pwani anajua tofauti yake kabla hajaanza darasa la kwanza. Ukiulizwa kama umekula, ukajibu "sijala", mama atakuwekea sahani, maana mlango bado uko wazi. Ukijibu "sikula", atakuuliza ni siku ile ipi, maana mlango umefungwa. Tofauti hiyo ndiyo ile ile ya Mwingereza. Penye -ja- yeye huweka "have". Penye -ku- huweka wakati uliopita mtupu.

Kwa hiyo kanuni ya mjomba ni hii: unapokuwa na shaka, ikanushe sentensi yako kwa Kiswahili, pamoja na maneno yake yote ya wakati, kisha usikilize sikio lako mwenyewe. Tujaribu pamoja.

"Nimemaliza kidato cha nne mwaka 2023." Kanusha: sikumaliza mwaka 2023. Hakuna asemaye "sijamaliza mwaka 2023". Tumepata -ku-, kwa hiyo andika "I completed Form Four in 2023." Ninyi mnaokaribia kuandika barua za kuomba kazi, lishikeni hili. Katika barua ninazosoma kazini, "I have completed Form Four in" pamoja na mwaka wake ni kosa ninalokutana nalo mara kwa mara, na aghalabu limo katika mstari wa pili, kabla msomaji hajajua lolote jema juu ya mwandishi.

"Nimeisoma barua yako." Kanusha: sijaisoma barua yako. Tumepata -ja-, andika "I have read your letter."

"Nimemwona jana." Kanusha: sikumwona jana. Andika "I saw him yesterday." Lakini mtu akisema "sijamwona tangu jana", hapo sikio halikatai, maana "tangu" inaufikisha wakati mpaka hapa tulipo. Na Mwingereza naye anasema "I have not seen him since yesterday." Mnaona jinsi lugha hizi mbili zinavyokwenda sambamba tukizipeleka kwa njia ya kukanusha.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba dawa hii inaponya kila ugonjwa. Ziko sehemu tatu ambazo lazima muwe macho.

Ya kwanza ni pale -me- inapoeleza hali aliyonayo mtu sasa. "Mtoto amelala" si "The child has slept", bali ni "The child is asleep." "Amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door." "Amevaa shati jeupe" ni "He is wearing a white shirt." Hapa jiulize: je, ninasema alichofanya, au ninasema yuko katika hali gani? Ikiwa ni hali, Mwingereza hutumia "is".

Ya pili ni neno "tangu" na mwenzake "kwa muda wa". Sisi tunasema "Naishi Kibaha tangu mwaka 1998" au "Shule hii ipo tangu mwaka 1965", kwa wakati uliopo. Mwingereza hapo anataka "have": "I have lived in Kibaha since 1998", "This school has existed since 1965." Lakini ukisema kwamba nchi za Nordic zilikabidhi mradi wao wa Kibaha kwa serikali yetu mwaka 1970, hiyo ni siku iliyopita na kufungwa, nawe utaandika "handed over". Shule inaendelea, makabidhiano yalikwisha.

Ya tatu ni swali la "lini". Kwa Kiswahili "umefika lini?" ni sawa kabisa. Kwa Kiingereza swali la "when" juu ya jambo lililokwisha tendeka halikubaliani na "have". Ni "When did you arrive?" kama mwalimu wangu alivyouliza siku ile. Laiti ningalimsikiliza vizuri, jibu langu lilikuwa tayari ndani ya swali lake.

Sasa nije kwenye ofisi, kwa maana vijana wanaweza kudhani kwamba haya yanaishia kwenye mtihani.

Ofisini karatasi husema badala ya mtu. Chukueni mtumishi aliyehamishwa. Faili likisema "He has not reported", maana yake ni kwamba hajaripoti, bado tunamngoja, pengine yuko njiani na mizigo yake. Likisema "He did not report", maana yake hakuripoti, muda umepita, na anayesoma faili ataanza kufikiria hatua za nidhamu. Mtu ni yule yule, na siku ni ile ile. Kadhalika katika muhtasari wa kikao, yale yaliyosemwa huandikwa kwa wakati uliopita: "The Chairman opened the meeting." Lakini ukieleza mahali utekelezaji ulipofikia leo, utasema "The letter has been sent" ukitaka wajumbe wajue kwamba shughuli hiyo imekwisha na barua sasa iko njiani.

Sasa niwasimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyokuwa nikifanya kazi, kijana mmoja aliyekuwa chini yangu aliomba nafasi ya masomo ya juu nje ya nchi. Sharti lilikuwa kwamba mwombaji awe mtumishi aliye kazini, na mwajiri aandike barua ya kuthibitisha. Mkuu wangu akasema, "Mpeni yule wa Kibaha aandike, Kiingereza chake kimenyooka." Mtu akisifiwa hivyo kichwa huvimba, nami changu kilivimba. Niliandika ukurasa mzima wa sifa za kijana yule, na zote zilikuwa za kweli. Katikati niliandika: "He worked in this office for six years."

Kwa nini niliandika vile? Nitawaambia ukweli. Tangu siku ile ya darasani nilikuwa nimejifunza kuiogopa "have". Kila nilipokuwa na shaka niliikimbia, na nilidhani kwamba kwa kuikimbia nimekuwa hodari. Kanuni ya mjomba nilikuwa nimeiweka kando kama kitu cha utoto. Sikuikanusha sentensi yangu wala sikumpa mtu mwingine aisome. Nikatia sahihi, nikapiga mhuri, barua ikaenda.

Wiki zikapita, jibu likaja, tena fupi. Walisikitika kwamba nafasi zile ni za watumishi walio kazini, na kwa mujibu wa barua ya mwajiri wake, mwombaji alikuwa ameacha kazi. Tukaandika barua ya pili siku ile ile. Wakajibu kwa upole kwamba wameelewa, lakini orodha imekwisha fungwa, aombe tena mwaka ujao.

Kijana alikuja mezani kwangu na nakala ya ile barua yangu. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye mstari ule akasema, "Lakini mkuu, mimi sijaacha kazi."

Sijaacha. Kijana hakuwa akifikiria sarufi hata kidogo, lakini alilitumia neno lenyewe ambalo mimi, na shahada yangu, nililikosa. Alikuwa bado kazini, mlango ulikuwa bado wazi, na mimi niliufunga kwa sababu niliacha herufi tatu: h, a, s. Kama ningaliandika "He has worked in this office for six years", kila msomaji angejua kwamba yupo.

Nilimwomba radhi, na nikaenda kumweleza mkuu wangu kwamba kosa ni langu, si la kijana wala si la wale wa ng'ambo, ambao walisoma kile kilichoandikwa. Mwaka uliofuata aliomba tena. Safari hiyo niliandika barua, nikampa mwenzangu aisome kabla ya mhuri, na kijana akaenda. Lakini mwaka ule mmoja hakuna awezaye kumrudishia. Ndiyo maana nawaambia, vijana, msijifunze kuiogopa "have" kama nilivyoiogopa mimi, wala msiitie kila mahali ili muonekane wasomi. Jiulizeni kila mara: je, jambo hili limefungwa, au bado linatugusa leo? Kiswahili chenu kinajua jibu, kiulizeni.

Iko sentensi moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aondoke nayo, kwa kuwa ina nyakati zote mbili ndani yake, na mtaihitaji siku moja mkiwa mnafuatilia haki yenu: "I wrote to you on 3rd March and I have not received a reply." Niliandika, siku inajulikana, imepita. Sijapata jibu, na bado nangoja. Ukiweza kuandika sentensi hiyo bila kusitasita, umekwisha lielewa somo lote.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Liko jambo jingine ambalo Kiingereza hulifanya, nalo nililielewa nikiwa mtu mzima. Mtu akifariki, Waingereza hawasemi tena juu ya maisha yake kwa "have". Mwalimu Nyerere alipokuwa hai, mtu aliweza kuandika "He has translated two plays by Shakespeare", maana huenda angeongeza ya tatu. Baada ya tarehe 14 Oktoba 1999 huandikwa "He translated." Kazi ipo na tunaisoma, lakini mwenyewe amepumzika.

Mjomba wangu wa Minaki naye amepumzika, amezikwa kule kule Kisarawe. Kwa Kiswahili bado naweza kusema "mjomba amenifundisha", na hakuna atakayenikosoa. Lakini leo nikiandika habari zake kwa Kiingereza sina budi kuandika "My uncle taught me." Mara ya kwanza nilipoiandika hivyo nilikaa kimya kidogo. Sentensi ilikuwa sahihi, na kanuni ilikuwa ni yake mwenyewe.